Mapacha Waliotoka Chini ya Godoro

Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini niliyojipa mwenyewe, nawatangazia wasomaji wote wa gazeti hili kwamba mimi, Idowu Akinlabi, Mpiga Picha Mkuu wa Bweni la Tatu, nimestaafu rasmi kazi ya kupiga picha ili kuwapisha vijana.

Kamera yenyewe imefungiwa kabatini kwa Bwana Adegbenro, na ufunguo anauvaa shingoni. Lakini hilo ni jambo dogo la kiutawala.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana: Bwana Adegbenro, mwalimu wetu wa fizikia na mlezi wa Klabu ya Picha, alionekana kwenye ubao wa matangazo akiwa na vichwa viwili. Kimoja kilitazama kushoto, kingine kulia, na vyote vilikuwa vimekunja uso. Shule nzima ilicheka. Yeye hakucheka, hata kwa kimoja.

Baada ya siku chache mtu akanichongea. Nikafukuzwa klabu, kamera niliyoachiwa na marehemu mjomba ikanyakuliwa, na nikapewa kazi ya kubeba viti mpaka mwisho wa muhula. Tuliachana nikiwa nalala macho juu, nawaza: ni nani?

Leo nitawaambia ni nani. Ila kwanza lazima niwaambie habari ya Mama Ibeji, maana bila yeye mtadhani mimi ndiye niliyedhulumiwa peke yangu.

Mama Ibeji huuza bagia za kunde nje ya uzio wa shule. Jina lake la kuzaliwa silijui. Mwanamke akizaa mapacha hapa Ikirun, jina la zamani linakwisha kazi. Anakuwa Mama Ibeji, mama wa mapacha, basi. Watoto wake ni Taiwo na Kehinde, kama mapacha wote. Na sisi tunaozaliwa nyuma ya mapacha tunaitwa Idowu, na inasemekana tumekuwa watundu tangu tumboni. Kwa hiyo mkinishtaki, mshtakini na aliyenipanga foleni hiyo.

Taiwo alisafiri msimu uliopita wa vumbi, kwa surua.

Ndivyo tunavyosema. Pacha hafi, husafiri. Ukilitamka lile neno jingine mbele ya aliyebaki, msafiri atasikia anatajwa, atageuka, na atamwita mwenzake. Kwa hiyo Mama Ibeji akikaanga bagia hutenga mbili pembeni, moja ya Kehinde na moja ya Taiwo. Mteja akiuliza, "Na yule mwingine?" humjibu, "Amesafiri, atarudi." Mteja wa hapa kwetu haulizi zaidi, huchukua bagia zake akaenda.

Siku moja, kabla sijachongewa, aliniita uzioni.

"We Idowu. Ni wewe uliyempa mwalimu vichwa viwili?"

"Mama, hizo ni fitina za maadui zangu."

"Acha maskhara. Kama unaweza kumpa mtu mzima kichwa ambacho hakukiomba, unaweza kunikalishia wanangu wawili pamoja?"

Nikaacha maskhara.

Picha hiyo kila mtu wa huku anaijua. Mtoto aliyebaki hupigwa mara mbili, mara yake na mara ya mwenzake, kisha wakatokea bega kwa bega kwenye karatasi moja. Mwenye studio mjini alikuwa tayari kumpigia, ila alitaka kubaki na nakala ya kutundika dirishani, wateja waone kazi yake. Mama akakataa, akaondoka.

"Mimi nataka moja tu," aliniambia. "Ikae chumbani kwangu, ukutani. Taiwo akiwa ukutani kwangu, yuko nyumbani. Akitoka nje ataanza kuzurura, na akizurura atataka huyu amsindikize. Mimi nimebaki na huyu, Idowu. Huyu tu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Apa."

Nikaapa. Niliapa kwa mjomba, kwa kamera ya mjomba, na kwa macho yangu yote mawili.

Jumamosi nikaenda kwake na kigoda cha kufungia kamera, maana ikitikisika hata unywele, kazi imeharibika. Uzuri wa kamera ya mjomba ni ukongwe wake. Za kisasa hukataa kupiga tena mpaka usogeze filamu. Hii haina habari. Ukiiambia piga, inapiga, juu ya kile ilichokwisha kupiga.

Nilikata kadi nyeusi kutoka boksi la viatu, nikaziba nusu ya jicho la kamera. Nikamkalisha Kehinde upande wa kushoto wa benchi, gauni la bluu, soksi nyeupe. Nikapiga. Nikahamishia kadi nusu ya pili, bila kugusa filamu.

"Sasa hamia kule," nikamwambia. "Sasa wewe ni Taiwo."

Kehinde ana miaka sita na pengo mbele. Alihamia kule, akakaa, akanyoosha mgongo, akabadilika uso kabisa.

"Taiwo hacheki ovyo," akanieleza. "Mimi ndiye ninayecheka."

"Basi usicheke."

Nikapiga. Mshono wa katikati, ambao ndio huwaumbua wapiga picha wengi, niliuangusha juu ya mwimo wa mlango uliokuwa nyuma yao. Ukiuangalia mwimo, huoni mshono. Kosa langu lilikuwa moja tu: goti la kulia la Kehinde lilikuwa na kidonda cha kuanguka, na sikukumbuka kulifunika kwa gauni. Wakatoka watoto wawili wenye kidonda kimoja, goti lilelile.

Mama aliipokea picha kwa mikono miwili. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Kisha akaingia ndani, na nilimsikia akisema na mtu humo chumbani, kwa sauti ya kubembeleza, kama anayemkaribisha aliyetoka mbali. Filamu nayo nilimpa, aifiche mwenyewe.

Nakala ilikuwa moja, kama nilivyoapa.

Kulikuwa pia na ile ya majaribio. Lakini nakala ya majaribio haihesabiki. Mpiga picha yeyote atawaambia. Ya kwanza hutoka nyeusi kidogo, unaitazama, unajirekebisha, unatoa ya kweli. Ile ya kwanza unaichoma. Nilikuwa na nia kamili ya kuichoma. Kiberiti tu ndicho kilichokosekana, na kiberiti kilipopatikana ilikosekana nafasi, na hatimaye ikalala chini ya godoro langu, kwa muda.

Sasa niambieni, nani kati yenu amewahi kutengeneza kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, akakitia moto bila mtu hata mmoja kukiona?

Mtu huyo mmoja alikuwa Folarin.

Folarin analala kitanda cha juu yangu. Tulikula sahani moja, tuliadhibiwa pamoja, na alipougua malaria mimi ndiye niliyemfulia. Alihamia kwetu muhula huu kutoka Maiduguri, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi, na Kiyoruba chake ni cha kuombea maji. Nilimwonyesha picha, akaishika kwa ncha za vidole.

"Mungu wangu! Hawa si wale mapacha wa mama wa bagia?"

"Wewe unaona nini?"

"Naona wawili."

"Basi."

"Kumbe yule mwingine amesharudi safari?"

Hapo ndipo ningemwambia. Lakini nyinyi hamjui utamu wa kuona hila yako imemshika mtu mwenye macho mazuri. Nikajilaza, nikaweka mikono nyuma ya kichwa, nikanyamaza kama bingwa. Wiki hiyohiyo nikachongewa, nikafukuzwa klabu.

Haya, twende Siku ya Wazazi.

Klabu yetu ina desturi moja. Picha zinazoshindana hutundikwa ukumbini, na kila mpiga picha husimama kando ya yake, akaeleza mbele ya wazazi aliipata wapi na kwa ufundi gani. Huwezi kutuma mtu akusemee. Mshindi hupeleka picha yake kwenye maonyesho Ibadan, na picha hiyo hupita mikononi mwa watu wasiohesabika.

Mimi, kwa cheo changu kipya, nilikuwa nabeba viti na kumimina maji. Nilipita na jagi, nikaiona picha ya mbuzi aliyekula kitabu cha hesabu, nikaiona ya jua likizama, nyingine ya jua likizama, na ya tatu ya jua, nadhani lilikuwa linachomoza ila mwenyewe hakuwa na hakika.

Kisha nikawaona. Gauni la bluu, soksi nyeupe, mwimo wa mlango katikati.

Chini ya picha palikuwa pameandikwa: FOLARIN OGUNBIYI, KIDATO CHA NNE.

Nikamsogelea mwenyewe na jagi langu.

"Folarin," nikamnong'oneza.

"Usinianze hapa," akanong'ona bila kunitazama. "Wewe umefukuzwa. Ingeozea chini ya godoro. Nikishinda tutagawana."

"Rudisha. Hujui hiyo ni nini."

"Ni picha, Idowu. Wewe mimina maji."

Nikiwa bado natafuta tusi linaloweza kusemeka mbele ya wazazi, Bwana Adegbenro akapanda jukwaani. Shati lake lilikuwa limenyooka kama ubao.

"Mabibi na mabwana, mshindani wetu wa mwisho ni kijana wa mfano. Nitawaambia siri. Mwezi uliopita klabu hii ilichafuliwa na mhuni mmoja, simtaji, yule pale mwenye jagi. Ni kijana huyu, Folarin, aliyekuja ofisini kwangu kwa hiari yake, akanieleza ukweli wote. Mpigieni makofi!"

Watu wakapiga makofi.

Kwa hiyo ndiye. Yule niliyemfulia. Alinichongea kwanza nafasi ikawa wazi, ndipo akainua godoro. Nilihisi kama mtu aliyeketi kwenye kiti alichokipanga mwenyewe, na kiti hakipo.

Folarin akasogea mbele ya picha, akakohoa kidogo.

"Picha hii," akaanza, "niliipata kwa subira. Niliwakuta mapacha hawa barazani kwao, wakicheza. Sikutumia hila yoyote. Niliwaacha wanizoee, kwa sababu mtoto akikuzoea husahau kamera."

Jaji, Bibi Olaopa wa Ibadan, mama mnene mwenye miwani, alikuwa ameikaribia picha mpaka pua ikakaribia kuigusa. Akasogea nyuma polepole. Nilijua ameshaitambua. Kila mama aliyekuwa mstari wa mbele alikuwa ameshaitambua. Nyuso zao zilikuwa zimeanza kulainika kwa huruma, kama watu waliopita nje ya nyumba yenye msiba.

"Mwanangu," Bibi Olaopa akasema taratibu, "ni mama yao aliyekuomba kazi hii?"

"Hapana, Madam. Ni mimi tu nilipita."

"Na watoto uliwakuta wote wawili?"

"Wote wawili. Niliongea nao."



"Uliongea nao," jaji akarudia.

"Ndiyo, Madam. Huyu wa kulia ni Taiwo." Akamwonyesha kwa kidole. Alipoona watu wamemtolea macho akadhani amewakamata, akanogewa. "Alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka safari. Mchangamfu! Aliniomba peremende. Nikamuuliza, umetoka wapi, binti? Akaniambia, 'Mbali. Ila nimerudi kumfuata mwenzangu tucheze.'"

Mama mmoja alizungusha mkono juu ya kichwa chake na kualisha vidole, kufukuza balaa. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Kisha mstari mzima.

"Na haya magoti?" Bibi Olaopa akauliza, sauti imepungua. "Wote wameumia goti moja?"

"Walianguka pamoja, Madam. Mapacha wanafanya kila kitu pamoja."

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nawaomba wasomaji mnielewe: sikuwa namfikiria Mama Ibeji. Sikuwa nafikiria kiapo. Nilikuwa nafikiria mshono wangu, mwimo wangu wa mlango, kadi yangu nyeusi, na rafiki yangu aliyesimama mbele ya vitu hivyo vyote akipigiwa makofi.

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Mwizi wa mchana! Picha hiyo ni yangu!"

"Idowu!" Bwana Adegbenro akanguruma. "Rudi kwenye viti!"

"Mwulizeni mshono uko wapi! Mwulizeni nusu ya kwanza ilizibwa na nini! Hajui! Amewahi kuongea na wawili? Hapakuwa na wawili! Alikuwa mmoja, nilimkalisha mara mbili, yule mwingine si ame..."

Nikamwona mlangoni.

Mama Ibeji alikuwa ameletewa ujumbe kwamba wazazi wanataka bagia. Alikuwa na beseni kichwani, na mkono mmoja amemshika Kehinde.

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza. Lilishuka kama mfupa.

Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alitua beseni sakafuni, akapita katikati ya viti nilivyovipanga mwenyewe, na hakunitazama hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwa Folarin.

"Baba," akamwambia, kwa heshima kama anaongea na mtu mzima. "Umesema alikuomba peremende?"

Folarin alinitazama, akamtazama jaji. Hakuna aliyemsaidia.

"Ndi... ndiyo, Mama."

"Alikuwa amevaa viatu? Nilimsafirisha bila viatu."

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia kimyakimya. Folarin akawa mweupe midomo. Nadhani ni hapo ndipo safari ya Taiwo ilipomwingia kichwani, yote kwa pamoja.

Na ni hapo ndipo Kehinde alipoiona picha.

"Mama, ona!" akasema kwa furaha, sauti ikasikika ukumbi mzima. "Huyu ni mimi. Na huyu ni mimi nakaa badala ya Taiwo. Kaka Idowu ndiye aliyetupiga. Aliniambia nisicheke nikiwa Taiwo."

Akanipungia mkono.

Mama Ibeji akageuka. Kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama.

"Idowu. Picha yangu iko ukutani. Nimeiaga asubuhi. Hii imetoka wapi?"

Nilikuwa na majibu. Mimi huwa sikosi majibu. Niliwaza kumwambia habari ya nakala ya majaribio, kwamba haihesabiki, kwamba mpiga picha yeyote atamwambia. Lakini maneno yale, yaliyonipendeza sana picha ikiwa chini ya godoro, hayakufaa kumwambia mama huyu.

Nikaweka jagi chini. Nikalala kifudifudi, kifua sakafuni, kama tunavyowaomba radhi wakubwa, mbele ya wazazi, mwalimu, na washindani wote wa jua likizama.

"Nilitengeneza mbili, Mama."

"Uliapa moja."

"Niliapa moja, nikatengeneza mbili. Ya pili nilipaswa kuichoma. Sikuichoma kwa sababu ilikuwa nzuri, nikataka mtu aone kwamba mimi ndiye niliyeifanya. Nikamwonyesha huyu. Sikumwambia ni nini. Nilimwacha aamini, kwa kuwa ilinifurahisha. Aliiba, ndiyo. Lakini mimi ndiye niliyemtoa Taiwo nje."

Sakafu ilinuka nta. Nilikuwa nasubiri kofi, laana, kelele, chochote ambacho mtu hupewa.

Niliona miguu yake ikigeuka.

"Sawa," akasema juu yangu. "Wewe nimekusikia." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, akamwambia Folarin, "Baba, mpuuze huyu. Picha ni ya kwake, wewe uliichukua, hayo ni yenu. Lakini mtoto umesema ulimwona. Umesema amekuja kumfuata mwenzake. Mimi nina huyu mmoja tu. Niambie vizuri, mwenzake asikie: alisema anakuja kumchukua, au alisema anakuja kucheza tu arudi?"

Niliinua kichwa. Kehinde alikuwa ameacha kutabasamu. Alimtazama Folarin, akisubiri naye ajue.

Folarin alinitafuta kwa macho kule chini sakafuni. Jasho lilikuwa likimtoka kidevuni. Nilijua anachoniuliza. Ukweli ulikuwa rahisi: sikumwona, Mama, nilitunga. Na akisema hivyo, Mama atauliza, basi Taiwo yuko wapi, na mtu atalazimika kujibu mbele ya Kehinde.

Nakiri na hili pia, kwa kuwa nimeshaanza. Nilikuwa nimekuja kumfichua mwongo. Nikajikuta namwomba kwa macho yangu yote mawili adanganye tena, na safari hii adanganye vizuri.

Folarin akapiga magoti, uso wake ukawa sawa na uso wa Kehinde. Akamshika mkono.

"Taiwo alisema..." akaanza. Alichosema Taiwo, wasomaji wangu, mtakisoma wiki ijayo.